Fundi Absalom Wabwile, Aliyewakalisha Kina Mama

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Fundi Absalom Wabwile anaweka chini randa yake baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi saba ya kazi katika Karakana ya Samani ya Tulia, Kitale. Katika muda huo ametumikia wakurugenzi wawili, amezika misumeno mitatu ya umeme, na ametengeneza viti ambavyo hakuna anayejua idadi yake. Ukimuuliza, anakwambia kiti hakihesabiwi, kinakaliwa.

Niliombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayepokea simu na wageni pale mbele. Bwana Gachanja, meneja wetu wa mauzo, aliongeza sababu nyingine, ati siku hizi niko na furaha nyingi ambayo haina kazi. Ni kweli. Niliolewa tarehe 30 Agosti, wiki tisa kasoro siku moja zilizopita, na Gathii, anayepiga msasa na vanishi katika karakana hii hii. Tangu siku hiyo naona kila kitu ni kizuri, hata harufu ya gundi, hata Bwana Gachanja. Lakini ningekuwa mtu wa huzuni ningemwandika Fundi Absalom hivi hivi.

Fundi alizaliwa Kabuchai, katika boma la wakulima wa miwa. Alifika Kitale Machi 1994 akiwa na barua ya mchungaji na viatu vya kuazima. Marehemu Mzee Mathenge, mwanzilishi wa karakana, alisoma barua, akatazama viatu, akampa kazi ya kubeba mbao. Kwa miaka miwili Absalom alibeba mbao na kutazama mikono ya wengine. Mwaka wa tatu fundi mmoja alihamia Eldoret, na Mzee akamwambia ajaribu kiti kimoja. Alijaribu. Kiti hicho kilikuwa na miguu minne na kila mguu ulikuwa na maoni yake. Mzee Mathenge hakukitupa. Alikiweka ofisini kwake, akakitumia kuwakalisha wauzaji wa bima, na inasemekana hakuna aliyewahi kumaliza maelezo yake.

Kufikia mwaka 1998 mkono wa Absalom ulikuwa umetulia na moyo wake ulikuwa umewaka. Mwaka huo mkewe, Bi. Nanyama, alijifungua mtoto wao wa kwanza, Kevin, wakiwa wamepanga chumba kule Matisi. Kijana anayempenda mkewe hawezi kutulia (haya mimi nayashuhudia kila siku), kwa hiyo Absalom alimtengenezea kiti cha kunyonyeshea. Mgongo wake mrefu aliuchonga majani ya mzabibu, mti ambao hakuwahi kuuona. Kikalio kilikuwa kipana, cha mahameli mekundu. Mikono iliishia kwa vichwa viwili vya simba, midomo wazi. Majirani wa Matisi walikuja kukitazama kwa zamu. Bi. Nanyama alishukuru sana, akakitandika kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, na akaendelea kumnyonyesha Kevin akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani.

Ilipita miezi miwili kabla Absalom hajauliza. Jibu alilopewa linajulikana na kila mwanagenzi aliyepita hapa.

"Baba Kevin," alisema Bi. Nanyama, "hicho kiti kinangoja DC. Mimi niko na mtoto tu."

Absalom akamwomba mkewe akae, naye aone. Miguu ya Bi. Nanyama haikufika chini. Kikalio kilikuwa kirefu mno, hivyo akikaa mbele hana pa kuegemea, na akiegemea magoti hayakunji. Simba wa kulia alimgonga Kevin kichwani kila alipobadilishwa titi. Absalom hakubishana. Alichukua kamba ya katani, akampima mkewe: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, fundo moja, kutoka kiunoni hadi mwisho wa paja, fundo la pili, kutoka alipokalia hadi kwenye kiwiko, fundo la tatu. Akatengeneza kiti kingine, kifupi, kigumu kiasi, bila mnyama yeyote. Bi. Nanyama alikaa, akaweka nyayo sakafuni, akashusha mabega, na kwa mara ya kwanza tangu Kevin azaliwe akafunga macho mchana. Sijawahi kusikia hadithi ya mapenzi inayoshinda hiyo, na nimesikia nyingi kwenye sherehe za harusi mwaka huu, zangu zikiwemo.

Tangu hapo viti vya kina mama wanaonyonyesha vikawa kazi ya Fundi Absalom. Ugumu wa kazi yenyewe haukuwa mbao. Ugumu ulikuwa kwamba mama mwenyewe haji kamwe. Wasomaji wetu wa Kitale na Bungoma wanajua jinsi tunavyonunua kiti. Anakuja baba mkwe, kwa sababu ndiye mwenye boma. Anakuja mjomba, kwa sababu aliwahi kufanya kazi Nairobi na anajua vitu. Anakuja mzee wa kanisa ili jambo liende kwa amani. Wote wanakaa kwenye kila kiti, wanarukaruka kidogo, wanagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kutikisa kichwa kama daktari. Wanachagua kiti kinachomtosha mtu mnene kuliko wote kati yao. Yule atakayekikalia mara kumi kwa siku yuko nyumbani na mtoto mchanga na hajaulizwa.

Na fundi mwanamume hawezi kupanda pikipiki hadi Bumula akaingie chumbani kwa mke wa mtu kumpima mguu. Kwa hiyo Fundi Absalom alianza kutuma kamba. Tawi letu la Bungoma huwa na rundo la kamba za katani, kila moja na maelezo mafupi, na mama hujipima nyumbani na kufunga mafundo yake matatu bila mtu kumgusa.

Mwanzoni kamba zilirudi na visa vyake. Moja ilikuja na mafundo saba. Mama mkwe na mawifi watatu walikuwa wameongeza ya kwao. Bwana mmoja mrefu sana alijipima yeye badala ya mkewe, kwa kuwa mke alikuwa amelala, na hadi leo ndiye anayekikalia kiti hicho. Mwingine alipiga simu kuuliza kama tunatengeneza kiti cha kunyonyeshea cha watu saba, ili wageni nao wasikose pa kukaa. Nilimwambia nitamuuliza fundi. Fundi akasema, "Muulize hao wengine sita wananyonyesha nani."

Kwa wale waliokuja bila kamba, Fundi alikuwa na mtoto wa unga. Ni pakiti ya unga ya kilo mbili na ya sukari ya kilo moja, zimefungwa pamoja kwa shali ya kina mama. Ukitaka kununua kiti kwa niaba ya mama, unakaa nacho na mtoto huyo mkononi kwa muda ambao mtoto mchanga hunyonya. Wanaume wengi waliingia hapa na mawazo yao na wakatoka wakisugua mabega.

Siwezi kupita bila kutaja mchango wa uongozi. Mwaka 2019 Bwana Gachanja aliona kwamba kiti cha Fundi Absalom ni kizuri lakini hakina mvuto wa kisasa, akaunda kamati ya wanaume watano ya kukiboresha. Kamati ilikaa vikao sita, chai na mandazi. Iliongeza mahali pa kuweka kikombe, mahali pa kuweka simu, na magurudumu manne. Kiti kilipelekwa tawi la Bungoma na kuwekwa nje kwa maonyesho, na wale wanaojua mahali pale wanajua mteremko wake. Kilipatikana kwenye duka la pembejeo ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeumia. Kikombe kilikuwa bado kimesimama mahali pake, na Bwana Gachanja aliandika hilo kwenye ripoti kama mafanikio.

Lakini kazi ambayo mimi nitaikumbuka ni ya mwaka huu, na niliiona kwa macho yangu yote.

Jumanne ya pili ya Juni walifika watu watatu kutoka Bumula. Mbele alikuwa Mzee Walubengo, naibu wa chifu mstaafu, aliyevaa suti na kutusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka paka wa karakana akakimbia zamu yake. Nyuma yake alikuwa dada yake, Shangazi Phelista. Wa mwisho alikuwa mwana wa mzee, Wanjala, kijana mpole ambaye mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni.

"Tunataka kiti cha mama wa mtoto," alisema Mzee Walubengo. "Lakini kiti cha heshima. Jumapili wanakanisa wanakuja kuona mtoto. Sitaki waseme ati kwa Walubengo mama ananyonyesha amekaa kama mtu ameitwa ofisi ya hedimasta."

"Mama mwenyewe ako wapi, mzee?" Fundi akauliza.

"Ako nyumbani. Atatoka aje na mtoto ni wa wiki tatu?"

"Na alisema anataka kiti gani?"

"Si ndiyo tumekuja kumchagulia."

Wakati mzee akizunguka kukagua viti, Shangazi Phelista alivuta kigoda karibu na meza yangu akaniambia mambo yalivyo. Mke wa Wanjala anaitwa Phanice. Alijifungua kwa kupasuliwa, na nyumba nzima haina kiti anachoweza kukaa akiwa na kidonda. Ananyonyesha pembeni mwa kitanda, mgongo hewani, mtoto amemlalia tumboni, na dakika ya tano uchungu unamshinda anamtoa mtoto kabla hajashiba. Mtoto alikuwa amerudi chini ya kilo alizozaliwa nazo. Nesi wa kliniki alisema arudishwe Alhamisi ya wiki iliyofuata, na kama kilo hazijapanda, wataanza kumsaidia kwa maziwa ya mkebe.

"Amekubali," alisema Shangazi, "lakini analia. Maziwa anayo, mama. Yanalowesha mpaka shuka. Ni kukaa tu kumemshinda."

Nilikuwa bado na miezi miwili na nusu kabla ya harusi yangu na sikujua lolote kuhusu watoto. Lakini niliacha kalamu.

Kwa wakati huo Mzee Walubengo alikuwa amepata alichokitaka. Ni lile kochi kubwa kuliko yote hapa kwetu, lenye nyuzi za dhahabu na mikono mipana ya kuwekea sinia, ambalo Bwana Gachanja amelipa jina la Gavana. Alikaa. Akapotea kidogo. Sauti yake ikatoka kwenye mito ikisema hii ndiyo yenyewe.

Fundi Absalom alimwendea na shali.

"Mzee, nisaidie kushika huyu."

"Huyu nani?"

"Unga na sukari. Kilo tatu. Mnyonyeshe dakika thelathini, halafu mchukue kochi."

"Mimi si mama, fundi."

"Na kochi si yako pia, mzee."

Wanagenzi walisogea. Mtu aliyeamua kesi za mipaka ya mashamba kwa miaka ishirini na miwili hawezi kukimbia pakiti ya unga mbele ya mashahidi. Mzee Walubengo alimpokea mtoto. Shangazi Phelista akatoa simu, akaweka saa.

Dakika ya nne mzee alikuwa bado na heshima zake zote. Dakika ya tisa Gavana alikuwa amemmeza hadi kwenye mifuko ya koti, magoti yamepanda juu ya kitovu, na mtoto ameteremka hadi mapajani.

"Inua mtoto, bana," Shangazi akasema. "Titi liko huku juu."

Mzee aliinua. Akamhamishia mkono wa pili.

"Fundi, ulisema huyu ako na kilo ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Ameongezeka."

"Basi huyo ananyonya vizuri," akasema Shangazi. "Endelea."

Dakika ya ishirini alitaka kusimama. Alikumbushwa kwamba mama hana mkono wa tatu na mtoto hawekwi sakafuni. Alijaribu kwa mabega, akajaribu kwa kisogo, akajaribu kwa jina la Bwana. Mwishowe Wanjala alimshika kiunoni kwa mkono wa kushoto akamvuta, na kochi likaja pamoja nao hadi karibu na mlango. Namsifu mzee kwa jambo moja: hakumwangusha mtoto.

Fundi akamletea kimoja cha viti vyake vifupi. Mzee Walubengo alikaa na mtoto wa unga, nyayo chini, viwiko vimepata pa kulala, na akakaa hivyo dakika tano nzima. Tulimtazama. Alipoinuka, aliinuka peke yake, mikono yote imejaa.

"Ni kizuri," alisema, na nilijua anasema ukweli kwa sababu ulimuuma. "Lakini hakionekani."

Hapo jambo likakwama. Mzee alitazama Gavana, Fundi alitazama kiti chake, Shangazi alimtazama Wanjala. Wanjala alitazama viatu vyake. Alhamisi ya kliniki ilikuwa imebaki siku tisa.

Kisha Wanjala akatoa mkono mfukoni. Ndani ya kiganja kulikuwa na kamba ya katani, imelowa jasho.

"Baba," alisema, "Phanice alijipima. Nilichukua kamba Bungoma wiki jana. Nilikuwa... si nilikuwa nangoja umalize."

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kutoa mbele ya baba yako kamba inayosema mguu wa mkeo una urefu gani si mchezo. Mzee Walubengo alifanya kile ambacho baba mkwe mwenye adabu hufanya: aligeuka akatazama ukuta, pale kwenye kalenda ya kampuni ya misumari, na akabaki ameutazama muda wote kamba ilipokuwa imetandazwa mezani. Mimi nilimtazama Wanjala. Nasema bila aibu kwamba siku hiyo ndiyo niliyojua nataka mume wa namna gani, na nilipogeuka nikamwona Gathii amesimama na msasa mkononi, macho yamejaa maji, akisema ni vumbi.

Fundi alisoma fundo la kwanza, la pili, la tatu. Lilikuwepo la nne. Alikunja uso. Katika miaka yote hiyo hakuna mama aliyewahi kufunga la nne kwa makusudi.

Shangazi Phelista alichukua kamba, akaisimamisha kando ya mwili wake akiwa ameketi, akafuatisha kidole. Fundo la nne liliangukia chini ya kitovu.

"Ni hapa walimpasua," alisema. "Anataka ujue mtoto asiguse hapa."

Phanice, ambaye hakuna aliyemuuliza neno tangu asubuhi, alikuwa amesema kila kitu kwa fundo moja. Fundi Absalom alipitisha kidole gumba juu ya fundo hilo mara mbili tatu.

Mzee Walubengo, akiwa bado ameutazama ukuta, alisema, "Fundi, tengeneza hiyo ya kamba."

Baada ya muda akaongeza, "Na hiyo Gavana pia tutachukua. Kwani wageni watakaa wapi?"

Kiti kilitengenezwa kwa siku tatu. Fundi aliinua mikono ya kiti kwa upana wa vidole viwili, akaipanua, akaitandika godoro jembamba ili uzito wa mtoto ukae kwenye mbao usikae kwenye kidonda. Mgongo aliulaza kidogo tu. Alikataa vanishi kabisa kwa sababu harufu haifai pua ya mtoto mchanga, na kwa hiyo Gathii wangu, ambaye kazi yake ni vanishi, alipiga msasa kwa mkono siku nzima ya Alhamisi mpaka mbao ikawa laini kama shavu. Aliniita nije niguse. Niligusa. Sitasema zaidi, hii ni karatasi ya sherehe na wazee wataisoma.

Ijumaa lori lilipeleka mizigo miwili Bumula. Kiti cha Phanice kilibebwa na mtu mmoja hadi chumbani. Gavana hakuingia. Walijaribu mlango wa mbele, wa nyuma, na kwa ubavu. Mzee Walubengo alitangaza kwamba tangu mwanzo nia yake ilikuwa kulikalisha kwenye baraza, kwa ajili ya hewa safi. Huko ndiko liko hadi leo. Shangazi Phelista alitupigia simu Jumatatu kutupa habari za wageni wa Jumapili. Walifurahia kochi kupita kiasi. Wakati wa maombi watu sita walishindwa kusimama, na mtumishi wa Mungu, ambaye alikuwa kati yao, akaona ni vyema kuombea mtoto akiwa ameketi. Kuhusu kile kiti kingine, hakuna mgeni aliyekiona. Kilikuwa chumbani, na Phanice alikuwa amekikalia.

Alhamisi tarehe 19 Juni sikufanya kazi ya maana. Hakuna aliyefanya. Bwana Gachanja alipita mezani kwangu mara nne kuuliza kama simu ina mtandao. Saa tano na robo ikalia. Sauti ilikuwa ya mwanamke nisiyemjua, ya chini na ya taratibu.

"Ni Phanice wa Bumula. Naomba fundi wa kamba."

Fundi Absalom alikuja akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Niliweka simu isikike kwa sauti, kwa sababu masikio yake yamezoea msumeno.

"Fundi, shikamoo. Tumetoka kliniki. Ameongeza gramu mia mbili na sitini." Kisha tukasikia akisogeza simu. "Sasa hivi ananyonya. Ngoja usikie."

Fundi aliinua mkono. Msumeno ukazimwa. Gathii akaacha msasa, wanagenzi wakaacha nyundo, na ndani ya karakana hii, ambayo sijawahi kuisikia kimya mchana, tukasikia mtoto akimeza. Kidogo, kidogo, kisha pumzi, kisha tena. Fundi Absalom alichukua simu akaiweka sikioni, akainamisha kichwa. Kulikuwa na viti arobaini kumzunguka na hakukaa. Alisimama hivyo dakika kumi na mbili, mpaka salio la Phanice likaisha.

Alinirudishia simu, akafuta nyusi kwa mkono wa koti.

"Alikuwa amehamia titi la pili," alisema, na akarudi kazini.

Fundi wetu, kwa niaba ya Mkurugenzi wetu Bi. Wangui, wenzako wa Kitale na wa tawi la Bungoma, na kina mama wengi ambao hukuwahi kuwaona uso, tunakushukuru. Rudi Kabuchai salama kwa Bi. Nanyama. Tunakuombea mvua kwa wakati wake, wajukuu wa kukusumbua, na siku nyingi za kukaa mahali panapokutosha. Maisha yako yawe mema, Baba Kevin.

Mary Ann Nangila Gathii
Mapokezi, Karakana ya Samani ya Tulia, Kitale